Mkarakara Uliojua Mkono

Mke mwenza aliye hai ana nafuu yake. Unaweza kugombana naye, ukamsema bombani, ukacheka kimoyomoyo siku mboga yake ikiungua, na mkijaliwa mtazeeka pamoja mkiwa mmechoka kuchukiana. Aliyekufa haunguzi mboga. Hilo Nakunda alilijua kuliko mwanamke yeyote pale Ngondi, kwa sababu mumewe Eliamani, kila siku jua likifika utosini, alinawa uso, akachana nywele, akavuka mfereji kwenda kuonana na marehemu mkewe.

Wala hakwenda makaburini. Naetwe alizikwa nyuma ya kanisa, na huko Eliamani alikwenda mara moja kwa mwaka kupalilia, kama watu wote wanavyofanya. Alikokwenda adhuhuri ni kwenye mkarakara wake, mmea wa pasheni aliouotesha mwenyewe.

Siku moja Nakunda alichoka kukaa na sufuria ya makande inayopoa. Alijifunga khanga yake vizuri, akavuka mfereji, akasimama nyuma ya migomba mahali ambapo asingeonekana. Mwanamke wa ndoa ya miaka minne, anajificha kwenye migomba kumchungulia mume wake mwenyewe. Aliona aibu, lakini hakuondoka.

Mkarakara ule ulikuwa umepanda chanja refu la mianzi na kulifunika lote. Majani yake yalikuwa mapana, kila moja limegawanyika mara tatu kama mguu wa bata, na penye kila jani pametoka kikono chembamba kilichojisokota kutafuta pa kushika. Chini ya chanja, kwenye kigoda, alikaa Bibi Nambua, mama yake Naetwe, ambaye shamba lile lilikuwa lake. Eliamani alimwamkia, akafungua kopo la mfuniko wa kubana, akatoa glavu nyembamba ya kitambaa, akaivaa mkono wa kulia. Glavu ilikuwa ya Naetwe. Aliivaa polepole, kidole kimoja kimoja.

Maua yalikuwa yakifunguka. Ua la mkarakara wa manjano halina haraka, linasubiri adhuhuri, kisha linajikunjua jeupe lote na kuonyesha shada la nyuzi zilizojikunja ncha, zambarau huko chini na nyeupe juu. Katikati husimama kinguzo. Penye kinguzo hicho huning'inia vifuko vitano vya chavua vikitazama chini, na juu yake kabisa husimama vijiti vitatu vyenye vichwa vya mviringo, vikitazama juu kama watu wenye majivuno. Vichwa hivyo ndivyo vinavyopokea chavua. Vikibaki juu hakuna tunda, ua litadondoka kabla ya asubuhi. Vikiinama mpaka vikakaribia vifuko, tunda lipo.

Eliamani alikigusa kifuko kwa kidole cha glavu. Kikapasuka, unga wa njano ukamwagika kwenye kitambaa. Na vile vijiti vitatu vikaanza kuinama, taratibu, kama mtu mrefu anayeinama kumsikiliza mfupi. Kikono kimoja kilichokuwa jirani kikanyoosha shingo yake, kikamzunguka Eliamani kidole cha shahada, kikatulia hapo.

"Umeamkaje, mwanangu?" Bibi Nambua aliuliza, akiliangalia ua.

Eliamani alitabasamu. Nakunda alikuwa hajawahi kuliona tabasamu lile mezani kwake, na alirudi nyumbani bila kuangalia anapokanyaga.

*

Watoto wa Ngondi waliijua habari ya nyuki kama walivyojua habari ya vita vya zamani, yaani kwa kusimuliwa. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao ndio waliokuwa na mgongo wa kutosha kugusa vifuko na vichwa vya ua la mkarakara kwa pamoja, walikwisha kabla Nakunda hajazaliwa. Watu wakaanza kuchavusha kwa mkono. Mkono ukawa mali, chavua ikawa mali zaidi, na penye mali mwizi hakosi. Ndipo wataalamu wakatengeneza mkarakara mjuzi.

Kwenye shina la kila jani la mkarakara kuna tezi mbili ndogo, kubwa kidogo kuliko mayai ya chawa. Zamani zilitoa utamu wa kuwalisha sisimizi, nao sisimizi wakaulinda mmea dhidi ya viwavi. Wataalamu walizigeuza tezi hizo zikawa pua. Mkarakara mjuzi ulinusa jasho la mtu mmoja msimu mzima, ukalishika, na tangu hapo ukamjua huyo tu. Mkono mwingine ukigusa ua, vifuko havipasuki na vijiti haviinami, hata ukibembeleza hadi jioni. Wezi wakakoma.

Kosa lililobaki lilikuwa la watu wa Ngondi wenyewe, na ni kosa la upendo. Mkarakara una kiburi chake: haukubali chavua yake mwenyewe. Unataka chavua ya mkarakara mwingine, wa mbegu nyingine. Sasa mzee mmoja pale alipata mche uliozaa ajabu, matunda kama ngumi. Mpare hamnyimi jirani kipande cha mche, na jirani hakatai cha bure. Wakakata, wakapanda, wakagawana, mpaka mlima mzima ukawa na mikarakara elfu ambayo kwa kweli ilikuwa mmoja. Maua yakatoka hadi majani hayaonekani, na yote yakadondoka. Ndugu na ndugu hawaoani.

Aliyekataa kipande alikuwa Naetwe peke yake. Alisema anataka wake wa mbegu, wakamcheka, naye akaotesha mbegu kwenye kopo la maziwa. Sasa mlima mzima ulizaa kwa chavua ya mkarakara wake, ambao watu walisema bado unalijua jasho lililobaki kwenye glavu yake. Kila alasiri watu walipanga mstari kwa Eliamani na vichupa vyao, na kila aliyepokea alisema, "Mungu amlaze Naetwe mahali pema." Nakunda alikuwa akiwapa viti na maji ya kunywa.

*

Mkutano wa ushirika uliitishwa na bwana shamba Mrindoko, mtu mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake.

"Glavu itakwisha," alisema. "Jasho la marehemu si kisima. Leo mkarakara unalitambua, kesho hautalitambua, na siku hiyo mlima wote utakula maua. Mimi nasema tuuoshe sasa."

Akaeleza. Maji ya magadi, kitambaa, unafuta tezi za kila jani. Mkarakara unausahau ule mkono, na ndani ya msimu mmoja unaweza kufundishwa mkono mwingine, mkono wa mtu mzima mwenye uhai wake. "Ila kuosha ni mara moja tu katika maisha ya mkarakara," aliongeza. "Mara ya pili tezi zinakufa. Utakuwa na majani ya kufungia ugali. Kwa hiyo tuchague mkono wa kuaminika."

"Mwanangu haoshwi," alisema Bibi Nambua.

Macho yakamgeukia Eliamani. Mikono yake haikuwa na jasho hata chembe, dawa ya kunyunyizia ilimuunguza viganja na vidole tangu ujana, ndiyo sababu ya glavu. Alitazama chini.

"Mkarakara bado una nguvu," alisema. "Tusubiri."

"Tusubiri nini?"

"Nimesema tusubiri, bwana shamba."

Walipotoka nje, wanawake wawili walimshika Nakunda mkono. Zungumza na mumeo, mama. Wewe ndiye uliye naye ndani. Nakunda akaitikia kwa kichwa, na moyoni akasikia furaha mbaya ikijinyoosha. Sasa wivu wake ulikuwa umevishwa nguo ya kwenda kanisani. Haukuwa wivu tena, ulikuwa njaa ya mlima mzima.

*

"Chakula chako kinapoa kila siku," alimwambia Eliamani jioni hiyo.

"Nakila jioni, si nakila?"

"Unakula kiporo. Mimi ndiye wa kiporo katika nyumba hii."

Eliamani alikuwa ametoka kumpokea jembe na kilemba, kama kawaida yake. Kila Nakunda aliporudi shamba, mumewe alimpokea mlangoni, akamtua jembe, akamvua kilemba kilicholowa na kwenda kukianika mwenyewe. Wanawake wa jirani walimwonea gere kwa hilo. Nakunda aliona ni huruma tu, ile ambayo mtu humpa mgeni.

"Nakunda," alisema Eliamani.

"Sema."

"Usimwonee wivu Naetwe."

"Nani kasema namwonea wivu? Watu watakosa matunda. Watoto watakosa ada. Wewe umekaa unashikwa kidole na mmea." Sauti ilikuwa imeanza kumtetemeka na hilo lilimkasirisha zaidi. "Mkarakara ukioshwa utabaki na nini, Eliamani? Utabaki na mimi. Ndicho unachokiogopa."

Eliamani alifungua mdomo. Kulikuwa na jambo usoni mwake, jambo lililofika hadi kwenye meno. "Kuna kitu nilipaswa kukuambia zamani," alianza. Ng'ambo ya mfereji Bibi Nambua akaita jina lake, alitaka kusaidiwa kufunga mbuzi. Eliamani akasimama kwa haraka ya mtu aliyeokolewa. Mficha uchi hazai, na yeye aliuficha wake kwa mara nyingine, akaenda kufunga mbuzi.

*

Jumamosi asubuhi, ndiyo Sabato ya watu wa Ngondi, wote walikuwa kanisani, ila Nakunda aliyesema kichwa kinamuuma. Kichwa kilikuwa kikimuuma kweli.

Alichanganya magadi kwenye ndoo ndogo. Njiani alijiuliza, na alijiuliza kwa haki, maana hakuwa mwanamke mbaya: je, jambo jema likifanywa kwa roho mbaya linabaki jema? Glavu ingekwisha, hilo halikuwa na ubishi. Mlima ungeumia. Mtu mmoja lazima auoshe, na waliopaswa kuuosha hawataki. Kama Bibi Nambua angekuwa anasalimu jiwe, Nakunda asingemgusa, angemwacha na jiwe lake. Lakini hapa palikuwa na vinywa vya kulisha. Alijijibu hivyo na jibu lilikuwa zuri. Tatizo lake ni kwamba hata lingekuwa baya, angeendelea kutembea.

Maua yalikuwa bado yamefumba, mabichi, yamefungwa kwenye vifuniko vyao vya kijani. Alichovya kitambaa, akaanza na majani ya chini. Tezi mbili, tezi mbili, jani baada ya jani. Alipofika usawa wa kifua, vikono vikamjia.

Havikuja kwa kuburuzika kama mimea inavyofanya. Vilimwelekea kutoka pande zote, vikamgusa kiganja, vikamzunguka kifundo cha mkono, kimoja kikajipenyeza katikati ya vidole vyake na kujisokota hapo, laini.

"Unanishika ili unizuie?" Nakunda alisema kwa sauti. "Miaka minne umemshika yeye. Leo unanishika mimi?"

Akavikata kwa kucha. Vilivyokatwa vilining'inia, vingine vikaja mahali pake, navyo akavikata. Alikuwa analia kwa hasira, machozi na jasho vikimchuruzika hadi kwenye viwiko, na kadiri alivyotoka jasho ndivyo vikono vilivyozidi kumsogelea, mpaka magadi yalipofika juu na vyote vikalegea pamoja. Chanja likawa kimya. Alimwaga ndoo, akaenda nyumbani, akaoga mara mbili.

*

Adhuhuri alivuka mfereji waziwazi, hakujificha kwenye migomba. Alitaka kuwepo. Eliamani alimtazama kwa mshangao, lakini alimsogezea Bibi Nambua kigoda na kuvaa glavu yake.

Maua yakafunguka, mazuri vilevile. Eliamani akagusa kifuko. Hakikupasuka. Akagusa cha pili, akahamia ua jingine, akarudi kwenye lile la kwanza. Vijiti vitatu vilibaki vinatazama mbinguni.

"Hajaamka leo?" aliuliza Bibi Nambua.

Eliamani alikunja jani, akalinusa. Lilinuka magadi. Akasema bila kugeuka, "Nani ameosha?"

Nakunda alikuwa amejiandaa kwa kelele, si kwa utulivu ule. "Mimi," alisema. "Nimeosha mara moja tu, na bwana shamba alisema mara moja haidhuru. Nitaufundisha mkono wangu. Kuanzia kesho nitakuja mimi mwenyewe, sitahitaji glavu ya mtu. Mlima hautakosa chavua zaidi ya msimu huu."

"Si mara moja."

"Nimeosha leo tu, Eliamani. Haki ya Mungu."

"Wewe leo. Mimi masika ya mwaka juzi."

Alivua glavu na kuketi chini, pale pale kwenye udongo. Ikabidi aseme yote, na aliyasema akiuangalia mkono wake ulioungua. Jasho la Naetwe lilikwisha masika yale. Eliamani alikuja adhuhuri moja na maua yakamgomea. Bibi Nambua alikuwa amekwenda zahanati siku hiyo, hakuona. Usiku aliuosha mkarakara peke yake, akaanza kuufundisha upya. Msimu mmoja ulipita, watu waliambiwa ni ukungu ndio uliopunguza chavua, na wakaamini.

"Kuufundisha kwa mkono gani?" Nakunda aliuliza. "Wewe huna jasho."

"Kilemba chako," alisema Eliamani. "Nilikuwa naisugua glavu kwenye kilemba chako kabla sijakianika."

Nakunda aliisikia sentensi ile lakini haikuingia yote kwa mara moja.

"Uliponiona nimeshikwa kidole," Eliamani aliendelea, "nilikuwa nimeshikwa na wewe. Sikuja kwa Naetwe. Nilimlilia Naetwe nikamaliza. Nilikuwa nakuja kwako adhuhuri, Nakunda, kila siku, kwa sababu nyumbani hukuwahi kunishika hivyo. Ulikuwa umekasirika siku zote."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alimwonyesha Bibi Nambua kwa kidevu. "Ningemwambiaje? Ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Na wewe nilikuchukulia jasho lako kama mwizi, bila ruhusa. Kila siku nilisema kesho."

Nakunda alivigeukia vikono. Vilikuwa vimelala juu ya majani, vimenyooka, havimtafuti mtu. Aliunyoosha mkono wake mtupu, ule ule vilioukimbilia asubuhi, akauweka katikati yao na kuusubirisha. Hakuna kilichosogea. Akagusa kifuko cha ua kwa ncha ya kidole, kwa upole ambao hakuwahi kumpa kiumbe chochote katika shamba lile, na kifuko kikabaki kimefumba.

Bibi Nambua alikuwa anahesabu kitu kichwani mwake, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo tangu mwaka juzi," alisema mwishowe, "niliyekuwa namsalimu ni huyu."

"Ndiyo, mama," alisema Eliamani.

Mwanamke yule alimtazama Nakunda kuanzia miguuni hadi kwenye kilemba, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Nakunda alijiandaa kulaaniwa. Angepokea laana, ingemsaidia.

"Nilikuuliza umeamkaje kila siku," alisema Bibi Nambua. "Miaka miwili. Na wewe hukuniitikia hata mara moja."

Akachukua kigoda chake mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaenda zake nyumbani.

*

Jumapili yake bwana shamba alikuja na mjumbe mmoja wa ushirika. Walizifuta tezi, wakazipima kwa kile kijimashine chao, wakaangaliana. Mrindoko alizungumza kwa sauti ndogo, jambo ambalo kwake lilikuwa msiba. Tezi zimekufa, alisema, mkarakara utaendelea kupanda, utatoa majani, utatoa maua mengi pengine kuliko zamani. Mbegu nyingine itabidi itafutwe milima ya mbali, na itakuwa miaka. Nakunda alisema mbele yao kwamba ni yeye aliyeosha. Eliamani alisema ni yeye aliyeanza.

Jua likafika utosini. Eliamani hakunawa uso wala hakuchana nywele. Alivuta kiti, akaketi mezani, na Nakunda akampakulia makande yakiwa bado yanatoa moshi. Ndicho alichokuwa amekiomba kwa miaka minne, mume wake adhuhuri, mbele yake, anakula chakula cha moto.

Alikula polepole. Alisema chumvi imekaa vizuri. Ng'ambo ya mfereji maua yalikuwa yamefunguka yote, meupe juu ya chanja, kwa kuwa ua halihitaji kumjua mtu ili lifunguke. Nakunda aliyaona kupitia mlangoni, na akamfikiria yule mwanamke aliyekuwa akifuatwa huko kila siku na mume aliyenawa na kuchana nywele, aliyevishwa glavu kidole kimoja kimoja, aliyesalimiwa na mama wa mtu kama mwana. Mwanamke yule alipendwa hivyo miaka miwili asijue.

"Nikuongeze?" alimuuliza Eliamani.

"Inatosha, mama."

Nakunda akatoa sahani, akaenda kuziosha. Alimwonea wivu mwanamke yule kuliko alivyowahi kumwonea Naetwe.